Kiwavi wa pembe hashindwi na pompi ya mtu mmoja

Maneno ya timu ya kilimo mbele ya wanachama na wageni, Lubumbashi, mwanzo wa mvua

 

Tumepewa nusu saa. Tutaongea juu ya kidudu kimoja na juu ya feza. Kidudu ni yule kiwavi mkubwa wa matembele mwenye pembe upande wa nyuma. Feza ni msaada ambao mfadhili mmoja amejitolea kutupatia ili tununue pompi na dawa za kupiga katika bustani zetu. Wanachama wengi wanataka tukubali leo leo. Sisi tunaozunguka kila juma Kilobelobe, Naviundu na kando ya barabara ya Kasapa tunawaomba tuukubali msaada, lakini tuombe ubadilishwe kazi. Tutaeleza sababu zetu, kisha ninyi njo mtaamua.

Kwanza tumjue huyu kidudu. Wengi wenu mnamwita kishimu tu. Wataalamu wanamwita Agrius convolvuli. Chakula chake ni majani ya bilazi, ni kusema viazi vitamu, na majani ya pori ya jamaa ile ile, yale yanayotambaa na kutoa maua kama tarumbeta. Akitoka tu kwenye yai ni kama kipande cha uzi. Akikomaa anafika karibu sentimita 9, mnene kama kidole. Wako wa kijani na wako wa kahawia, lakini ni kabila moja. Ile pembe haichomi na haina sumu. Watoto wanaikimbia, hata wakubwa wanaikimbia, lakini ni ya kuogopesha tu. Unaweza kumshika kwa mkono mtupu. Shikeni neno hilo, kwa sababu kazi yote tunayowaomba inaanzia hapo.

Mama yake ni kipepeo cha usiku, mkubwa, mabawa rangi ya majivu, tumbo lina mistari ya rozi na nyeusi. Jua likizama mnamwona amesimama hewani mbele ya ua bila kutua, anaingiza ulimi ulio mrefu kuliko mwili wake. Ni msafiri. Kila mwaka wako wanaoondoka Afrika, wanavuka bahari mpaka Ulaya. Sasa, kama bahari haimzuii, lupango yako itamzuia?

Anataga mayai moja moja, hapa moja, pale moja, madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Baada ya siku chache kiwavi anatoka na kuanza kula, na anakula kwa majuma 3 au 4 hivi. Majuma ya kwanza huoni kitu. Sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake anaikula siku za mwisho, kabla ya kuingia ndani ya udongo. Njo maana mama anaacha bustani jioni ikiwa ya kijani, na baada ya siku mbili tatu anakuta vijiti. Anasema: "Bameingia usiku." Hapana, mama. Walikuwamo tangu zamani, ila walikuwa wadogo.

Akishiba anachimba karibu sentimita 10 ndani ya udongo na kugeuka kitu kigumu cha kahawia, chenye kimkono kilichopinda kama mkono wa kikombe. Mnakikuta sana wakati wa kuchimba bilazi, na wengi wenu mnakitupa pembeni. Ndani yake kuna kipepeo cha msimu unaofuata.

Tusimchanganye na wengine. Yule wa mahindi, kiwavi jeshi, ni mwingine kabisa. Hana pembe, kichwani ana alama kama herufi Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana madoa 4 yaliyopangwa kama pembe za sanduku. Alitoka Amerika, akaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 upande wa Magharibi, na msimu ule ule wa 2016 na 2017 akaingia katika mahindi ya Zambia. Wale kati yenu waliokuwa Meheba wanakumbuka: mpaka jeshi la anga la Zambia lilitumwa kubeba dawa. Kwenye biringanya na nyanya unaweza kukuta tena ndugu mwingine wa pembe, mkubwa kuliko wote, anayepita sentimita 12. Kipepeo chake kina alama kama fuvu la mtu mgongoni, kinalia kikishikwa, na kinaingia katika mizinga kuiba asali. Watu wengine wanasema ni cha mchawi. Ni kipepeo tu, hakina kazi na mtu.

Na wale mnaotumiana picha kwa simu: yule kiwavi wa nyanya mnayeonyeshwa katika video za Marekani haishi kwetu. Anafanana na wetu, lakini mashauri ya kule hayatufai yote.

Sasa tuje kwa dawa.

Neno la pompi tulilichukua kwa mahindi. Kule Zambia tuliona watu wanapiga dawa ndani ya moyo wa hindi likiwa dogo. Lakini fikirini vizuri. Lile hindi utalivuna baada ya miezi, na punje zake zimefunikwa na maganda. Matembele je? Unapiga leo, kesho asubuhi mwenzako anakuja kununua mafungu, mchana yako sokoni, jioni yako ndani ya sufuria pamoja na mafuta, na watoto wanakula na bukari. Kila dawa ya kweli ina karatasi inayosema siku ngapi mtu angoje kabla ya kuvuna. Matembele hayangojeki. Yanachumwa kila mara, na yule mwanamke anayeyauza anahitaji feza ya siku ile ile.

Na dawa tunazoziona mikononi mwenu nyingi hazina karatasi. Zinapimwa ndani ya kachupa kadogo, hazina jina, hazina kipimo. Mwenye kuuza anasema "kali sana", basi. Mnachanganya kwa kijiti, mnapiga bila glovu, upepo unarudisha usoni. Kichwa kinauma, mate yanajaa mdomoni, machozi yanatoka, mtu anatapika. Mnasema ni malaria. Inaweza kuwa malaria, lakini inaweza pia kuwa ile dawa. Mtu akipata dalili hizo baada ya kupiga, avue nguo, aoge kwa sabuni, apelekwe kituo cha afya pamoja na ile chupa, ili muuguzi ajue anatibu nini. Na chupa ikiisha haigeuki ya mafuta wala ya maji. Ivunjwe na ifukiwe mbali na kisima.

Vitabu vya kilimo vinasema kwamba bilazi vikiisha kushika udongo vinaweza kupoteza majani mengi na bado vikazaa chini. Ni kweli kwa mtu anayelima kwa ajili ya kilazi. Lakini kwetu jani lenyewe ni mavuno. Miezi ya kwanza ya mwaka, unga ukiwa bei kali na mahindi mapya hayajakauka, nyumba nyingi za chama hiki zinaishi kwa mafungu ya matembele. Kwa hiyo hasara ya kiwavi huyu kwetu ni kubwa kuliko vitabu vinavyosema. Na kwa sababu ile ile, sumu nayo ni kubwa kuliko vitabu vinavyosema, maana tunaiweka moja kwa moja juu ya kile kinacholiwa.

Kuna jambo lingine la kututia wasiwasi. Katika soko moja la mji huu tulisikia mteja amechukua fungu, akanusa, akalirudisha chini, akasema: "Hii inanuka dawa. Njo ya bale ba Zambie." Hakuuliza ni bustani ya nani. Alituweka wote katika kapo moja. Ninyi mnajua imechukua muda gani watu wa hapa kuzoea kununua kwetu. Tulirudi, tukakuta wengine wanaishi mahali tulipoacha, tukaitwa "ba réfugié" katika nchi yetu wenyewe. Majani yetu njo yametufungulia milango. Siku mtoto wa mtu atakapougua kwa matembele ya mmoja wetu, soko halitamfunga yule mmoja, litatufunga wote.

Wengine mtasema: basi tuache dawa ya dukani, tutumie dawa ya wazee, ule mti wa kulevya samaki, au maji ya tumbaku. Tunaheshimu wazee. Lakini kitu kinachoua samaki mtoni ni sumu, na tumbaku iliyochemshwa ni sumu pia, hata kama vyote vinaota nyuma ya nyumba. Kwa jani litakaloliwa kesho, jibu letu ni lile lile.

Na wengine wameuliza kwa kucheka: "Tunakula vinkubala, kwa nini hawa hatuwali?" Ni swali zuri. Kuna sehemu za kusini mwa Afrika ambako watu wanamla huyu wa bilazi. Lakini vinkubala vinatoka porini, kwenye miti ambayo hakuna mtu anayeipiga dawa. Kiwavi wa bustani ya mji amekula jani la nani? Hujui. Tusimle, na kama jirani amepiga dawa, tusimpe hata kuku.

Sasa kazi yenyewe. Tunaita salongo ya viwavi, na mtu mmoja peke yake haiwezi.

Msimu uliopita mama mmoja wa Naviundu alikuwa anaokota kila asubuhi katika mistari yake. Aliokota kweli. Jirani zake wa pande zote hawakuokota. Vile vya jirani vikakomaa, vikaingia udongoni, vikatoka vipepeo, vikataga tena kwake. Alituambia: "Miye niko peke yangu, bidudu biko mingi, nitabitosha namna gani?" Alikuwa na haki. Yule mama hakushindwa na kiwavi, alishindwa na upweke wa bustani yake. Na ukimpa pompi mtu aliye peke yake, mambo ni yale yale: atapiga kwake, kipepeo kitatoka kwa jirani, atapiga tena, na tena.

Kwa hiyo tunapendekeza vikundi vya bustani 5 zinazopakana. Mara mbili kwa juma, asubuhi mapema au jioni, wote watano wanapita katika bustani zote tano. Mara mbili inatosha, kwa sababu kiwavi anahitaji majuma 3 au zaidi kukomaa, na kama mnapita hivyo hatafika zile siku zake za kula sana. Msitafute kiwavi, anafanana sana na jani. Tafuteni mavi yake: vipande vyeusi kama pilipili manga juu ya majani na chini. Ukiyaona, inama, geuza majani ya juu yake, utamkuta. Mtupe ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Kama bustani zote za karibu hazina dawa, mpe kuku.

Mtu akimpa mwenzake kamba za bilazi za kupanda, na sisi tunapeana sana, hiyo njo nguvu yetu, azikague kwanza na kutoa majani, abakishe yale machache ya kwenye ncha. Mayai yanasafiri juu ya majani. Kumpa ndugu mbegu pamoja na adui wake si msaada.

Majani ya pori yenye maua kama tarumbeta kando ya mfereji yang'olewe. Hayo ni nyumba ya wageni ya kiwavi wakati hakuna bilazi.

Baada ya kuchimba, udongo ugeuzwe mara moja, na kile kitu cha kahawia chenye kimkono kiokotwe. Jua, ndege na kuku watamaliza vilivyobaki. Pale msirudishe bilazi mara moja. Pandeni mahindi au maharagi kwanza. Wale wa dembo wanaolima bilazi kiangazi na masika bila kupumzisha udongo wanamlisha mwaka mzima.

Na tusiue kila kitu. Kuna nyigu wadogo sana, wadogo kuliko chawa, wanaotaga ndani ya mayai ya kiwavi, na yai linakufa. Hamtawaona kwa macho, lakini wanafanya kazi. Dawa inawaua wao kwanza. Njo maana bustani iliyozoea dawa inazidi kuihitaji.

Tunajua mtajibu nini. Mama mwenye watoto wanne na mzigo wa sokoni anapata wapi saa ya kuokota? Babu mwenye macho mabaya anaona wapi mavi ya kidudu? Kwa sababu hiyo tumesema kikundi. Mwenye macho aokote, asiye na macho ashike ndoo au awachunge kuku, na mama aliye sokoni asubuhi aje jioni. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia baada ya masomo, kwa sababu kazi hii haina sumu. Katika kazi ya pompi hatutaki kumwona mtoto hata mmoja.

Tuseme pia mpaka wa maneno yetu. Kuokota kunafaa bustani kama zetu. Mwenye hekta nzima ya bilazi changa akashambuliwa mara moja hawezi kuimaliza kwa vidole. Huyo aje kwetu kwanza. Kuna dawa inayotengenezwa kwa bakteria, inayoua viwavi vikiwa vidogo na isiyo na hatari kwa mtu kama zile kali. Ikipatikana yenye karatasi yake, tutaipiga pamoja, tutaweka kitambaa chekundu kwenye shamba, na jani la pale halitafika sokoni mpaka siku za karatasi ziishe. Na mkikuta kidudu msichokijua, msikiue chote. Leteni kimoja ndani ya chupa yenye matundu. Tunaweza kukipeleka kwa watu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi au wa INERA pale Kipopo.

Sasa feza, na hapa tunaongea na wafadhili mbele ya wanachama, ili neno liwe moja.

Aksanti sana kwa moyo wenu. Tunajua pompi inapigika picha vizuri katika ripoti, na ndoo yenye viwavi haipendezi. Tunaomba hata hivyo feza ile ile igawanywe vingine. Sehemu ya kwanza inunue ndoo, majembe, mabuti na torshi kwa vikundi. Sehemu ya pili, ambayo kwetu ni kubwa zaidi, ikae katika kisanduku cha chama kama akiba ya majani. Mwanachama ambaye bustani yake imeliwa, pamoja na kuwa kikundi chake kilifanya salongo, apewe kamba mpya za kupanda na msaada mdogo wa nyumba kwa yale majuma machache ya kungoja majani yarudi. Yanarudi, lakini watoto hawangoji.

Kwa nini akiba hiyo? Kwa sababu tumeuliza watu kwa nini wanapiga dawa huku wanajua kesho watachuma. Hakuna aliyejibu kwamba hajui hatari. Wamejibu: "Nitakula nini?" Mtu anapiga dawa kwa hofu ya siku 20 bila mauzo. Kama chama kinaweza kumbeba siku zile 20, hofu inapungua, na ile kachupa isiyo na jina inabaki dukani. Hiyo njo maana ya kusaidiana. Kuzika pamoja tunajua, kuchangia harusi tunajua. Tujifunze pia kubebana majani yakiliwa.

Kwa upande wa wanachama tunaomba ahadi mbili. Ya kwanza: jani la kuuzwa au la kuliwa nyumbani halipigwi dawa. Ya pili: katika siku za salongo, kila mmoja anafungua lupango yake kwa wenzake wanne. Tunajua hii ya pili ni ngumu. Wengi wetu tumeishi miaka mingi tukichunga kale kadogo tulikokuwa nako, na kumruhusu mtu kupita katikati ya mistari yako si jambo dogo. Lakini asiyefungua lupango ameshamfungulia kipepeo.

Katibu amebaki na karatasi ya vikundi. Bustani zimeandikwa kufuata mipaka, si kufuata urafiki wala kambi mtu alikotoka, kwa hiyo wa Meheba na wa Mantapala watajikuta pamoja. Mwenye neno, aseme sasa, tuko hapa. Mwenye kukubali aandike jina lake kabla ya kutoka. Mvua zimeanza, kamba zinashika, na kwa mayai yanayotagwa juma hili tuna majuma 3 tu.